Vidonda vya tumbo: jinsi ya kutumia mimea ya nyumbani kulinda tumbo, hatua kwa hatua

Mama mdogo wangu anaishi Muheza, magoti yanamsumbua miaka mingi. Kila asubuhi alikuwa anameza diklofenaki na chai ya rangi, tumbo likianza kuwaka anachukua unga wa kijani aliouziwa mnadani, anakoroga kijiko kimoja kwenye maji ya uvuguvugu, anakunywa, linatulia. Huo unga alikuwa anausifia kwa kila anayepita. Siku nimeenda kumsalimia nikamkuta barazani kwenye mkeka, midomo imepauka, viganja vimekuwa vyeupe, akitaka kusimama mpaka ashike ukuta. Nikamuuliza mama choo kikoje, akasema cheusi tu mwanangu, si ndo dawa inatoa uchafu. Ilikuwa damu. Kidonda kilikuwa kinavuja ndani kwa ndani, unga unamtuliza maumivu tu, na hospitali aliongezewa damu chupa mbili.

Mimi nimekulia kwenye mitishamba na mpaka leo jikoni kwangu kuna kopo la uwatu, kuna manjano, kuna habasoda, siwezi kumwambia mtu aache. Ila mtu akiniuliza dawa ya vidonda vya tumbo (Kenya mnaita alsa) simtajii mmea kwanza, namuuliza maswali. Kwa sababu mimea mingi inayosifiwa kwa tumbo kazi yake ni kulinda ule ukuta wa ndani na kutuliza, haimng'oi mdudu (bakteria) aliyejichimbia humo na haishindani na kidonge cha maumivu unachomeza kila siku. Ukijua hilo utaitumia vizuri na itakusaidia kweli. Kwa hiyo fuata hizi hatua kwa mpangilio wake, usirukie ya tano.

HATUA YA 1: Angalia dalili za hatari, leo hii kabla hujaloweka chochote

Kama una mojawapo ya hizi nenda hospitali, na usiende kesho:

- choo cheusi, kinachong'aa na kunata kama lami, chenye harufu kali isiyo ya kawaida (vidonge vya kuongeza damu navyo vinafanya choo kiwe cheusi, ila hakinati vile)
- kutapika damu, au matapishi yenye chembechembe nyeusi kama unga wa kahawa
- maumivu ya ghafla kama umechomwa kisu na tumbo kukaza likawa gumu kama ubao, hapo kidonda kinaweza kuwa kimetoboka
- kupungua uzito bila kupenda, chakula kukwama ukimeza, kutapika kila ukila
- kizunguzungu, moyo kwenda mbio, viganja na midomo kupauka

Na kama umri umeshavuka hamsini na kitu na haya maumivu ndo yameanza sasa hivi maishani, usijitibu kwanza, waombe wakuangalie kwa kipimo cha kamera maana saratani ya tumbo nayo huanza na dalili hizihizi za kawaida kabisa.

HATUA YA 2: Jua ni nini kinakutoboa

Watu wengi tumelelewa tukiamini vidonda vinaletwa na pilipili, mawazo na kushinda njaa. Hivi vitu vinaweza kuchochea maumivu, sikatai, mwenye kidonda akila pilipili anajua alichokifanya. Lakini chanzo kikubwa ni viwili.

Cha kwanza ni bakteria anaitwa Helicobacter pylori, kwa kifupi H. pylori. Madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, ndo walimtambua kule Perth mwaka 1982, wenzao hawakuwaamini kwa sababu kila mtu alijua hakuna kiumbe kinachoweza kuishi kwenye asidi ya tumbo. Mwaka 1984 Marshall akachukua kimiminika chenye hao bakteria akakinywa mwenyewe, siku chache baadae akaanza kutapika na walipomwingizia kamera wakakuta tumbo limevimba na mdudu yumo. Mwaka 2005 wakapewa tuzo ya Nobel. Huyu mdudu anaishi kwa ujanja, anatengeneza amonia inayopoza asidi pembeni yake halafu anajificha chini ya ule ute unaofunika ukuta wa tumbo. Ndo maana kumfikia ni kazi.

Cha pili ni dawa za maumivu: diklofenaki, Brufen, aspirini, meloksikamu, piroksikamu. Tumbo lako lina kemikali zinazoliamuru litoe ute wa kujikinga, na hizi dawa zikizima maumivu zinazima na hizo kemikali. Kwa hiyo ukuta unabaki uchi mbele ya asidi. Hata ukichomwa sindano badala ya kumeza bado tumbo linaumia, kwa sababu dawa inafika huko kwa njia ya damu. Hili watu hawalijui kabisa, wanasema mi nachoma tu simezi.

Ukijichunguza unaweza kupata picha kidogo: maumivu yanayokuja ukiwa na njaa au usiku wa manane na kutulia ukila mara nyingi ni kidonda cha mwanzo wa utumbo mwembamba, yanayozidi ukishakula mara nyingi ni cha tumbo lenyewe. Ila hiyo ni picha tu, sio kipimo.

HATUA YA 3: Pima

Kuna kipimo cha damu cha haraka, tone moja la kidole na majibu dakika chache, maabara nyingi za mtaani ndo wanacho. Shida yake kinaonyesha kinga ya mwili, na kinga inabaki muda mrefu hata mdudu akishakufa, kwa hiyo unaweza kuambiwa unaye wakati ulishatibiwa. Omba kipimo cha choo, au cha kupuliza pumzi kama hospitali yako wanacho. Hivi vinaonyesha kama mdudu yupo sasa hivi.

Kuna jambo watu wanakosea hapa. Ukipima choo au pumzi huku unameza omeprazoli (kidonge cha kupunguza asidi), majibu yanaweza kutoka huna wakati unaye. Omeprazoli iachwe wiki 2 kabla ya kupima, antibiotiki wiki 4. Ila kama uliandikiwa omeprazoli kwa sababu kidonda kilivuja damu usiiache kienyeji, muulize aliyekuandikia.

Ukikutwa na mdudu utapewa mchanganyiko, kawaida ni omeprazoli na antibiotiki mbili (amoksilini na klarithromaisini, au mojawapo na metronidazoli), siku 10 mpaka 14. Meza zote. Najua mdomo unakuwa mchungu kama umelamba sarafu na tumbo linachafuka, najua, lakini ukiacha siku ya tano kwa vile umepata nafuu unamwachia mdudu nafasi ya kuwa sugu na hiyo dozi haitamfaa tena.

HATUA YA 4: Ondoa kinachobomoa kabla hujaleta kinachojenga

Diklofenaki na ndugu zake weka pembeni. Kama ni maumivu ya kawaida tumia parasetamoli, hiyo tumbo inaivumilia, usizidishe dozi tu maana ini ndo linaumia. Kama aspirini ndogo umeandikiwa kwa ajili ya moyo au kiharusi, HIYO USIACHE mwenyewe, mwambie daktari una tumbo akupangie dawa ya kukulinda.

Sigara inachelewesha kidonda kupona. Pombe kali inachubua ukuta, na tumbo tupu ndo mbaya zaidi. Maziwa: yanapoza pale pale, dakika chache unajisikia raha, ila baadae yanalifanya tumbo litoe asidi nyingine, kwa hiyo kunywa kama chakula usiyategemee kama dawa ukawa unaamka nayo usiku. Magadi au baikaboneti kwenye maji vilevile, yanazima asidi haraka ila yana chumvichumvi nyingi na mwenye presha anajiumiza.

HATUA YA 5: Sasa mimea

Hii ndo wengi mlikuwa mnaisubiri. Naanza na ninayoiamini zaidi.

Vyenye utelezi

Bamia, mlenda na uwatu. Ule utelezi watu wa Dodoma na Singida wanaula kila siku na ugali, na mimi naona wana bahati. Utelezi unapaka ukuta wa tumbo kwa muda, kama unavyopaka mafuta kwenye kidonda cha mkono kisikwaruzwe. Bamia imefanyiwa kazi maabara na ikaonekana utelezi wake unamzuia H. pylori asijishikize kwenye ukuta wa tumbo, hapo tunaongelea maabara lakini, sio mgonjwa aliyekula bamia akapona.

Mlenda wa mwenye vidonda unapikwa hivi: bamia changa kama 10, kata vipande vyembamba, majani ya maboga au matembele kiganja kimoja, maji nusu kikombe. Chemsha maji, tia majani, yakilainika tia bamia, koroga kwa mwiko haraka haraka dakika tatu nne. Ukinyanyua mwiko uone nyuzi zinashuka bila kukatika, hapo umeiva. Chumvi kidogo, magadi usitie, nyanya na limau usitie, pilipili ndo kabisa. Kula na ugali laini au wali uliopondeka. Ni chakula, kwa hiyo kula kila siku ukitaka, hata mara mbili.

Uwatu: kijiko kimoja cha chai cha mbegu, chagua mawe kwanza, osha, loweka kwenye glasi ya maji safi usiku. Asubuhi utakuta mbegu zimevimba mara mbili na maji yamekuwa mazito, ukiyamimina yanavutika. Kunywa nusu saa kabla ya kula (kama uko kwenye dawa za hospitali fuata saa za hatua ya 7), mbegu unaweza kutafuna. Uchungu wake ni wa kawaida, unazoeleka. Zanzibar na Mombasa wanauchapa mpaka unatoa povu jeupe, huo nao sawa ilimradi usiweke pilipili na ndimu. Jasho na mkojo vitanuka uwatu, usishtuke. Ila mwenye kisukari aliye kwenye dawa aangalie, uwatu unashusha sukari na vikijumlishana anaweza kuanguka. Mjamzito asitumie kama dawa. Anayemeza wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) asitumie.

Ndizi mbichi za kupika

Sio hizi mbivu za kumenya na kula, nasema mzuzu mbichi kabisa. Wanasayansi waliwahi kuwaharibu panya tumbo kwa aspirini, wale waliopewa unga wa mzuzu mbichi uliwakinga, ndizi zilizoiva hazikufanya kitu. Inaonekana ule unga unaliamsha tumbo liongeze ute wake lenyewe, na hicho ndo tunachokitafuta. Kwa binadamu utafiti ni mchache, ila kwa kuwa ni chakula sioni hasara.

Menya mzuzu mbichi (pakaa mafuta mikononi, utomvu wake haubanduki), kata nyembamba kama sarafu, tandaza kwenye ungo kivulini penye upepo siku tatu nne, sio juani kali. Zikikatika kwa mlio, twanga, chekecha. Tia vijiko viwili vya chakula kwenye uji wa mtama au ulezi ukishaepua, koroga. Uji usiwe wa moto wa kuunguza. Ukiona choo kinakuwa kigumu punguza na ongeza maji.

Kabichi

Mwaka 1949 daktari mmoja wa California, Garnett Cheney, aliwapa wagonjwa 13 wa vidonda juisi ya kabichi mbichi karibu lita moja kwa siku, imegawanywa mara nyingi, akaandika kwamba vidonda vyao vilipona haraka kuliko kawaida. Mpaka leo hilo ndo linanukuliwa kila mahali. Lakini ni watu 13 tu na hakukuwa na kundi la kulinganisha, na enzi hizo H. pylori hajulikani. Mimi nimejaribu, nusu glasi mara mbili kwa siku inawezekana, lita nzima gesi yake utaomba radhi nyumba nzima. Robo ya kabichi, osha jani moja moja kwa maji safi, saga na maji kidogo, chuja, kunywa hapo hapo, ikilala inaanza kunuka. Ukichemsha hiyo sio tena juisi aliyoitumia yeye. Mwenye tezi la shingo asizoee kuinywa kila siku.

Manjano

Hapa nazungumzia manjano ya unga, safi, sio binzari ya pilau iliyochanganywa. Thailand walifanya utafiti uliotangazwa 2023, watu zaidi ya 200 wenye tumbo linalosumbua bila kidonda (kujaa, kuwaka, kushiba haraka), wengine wakapewa omeprazoli, wengine vidonge vya kiini cha manjano, wengine vyote viwili. Baada ya mwezi nafuu ilikuwa inakaribiana. Ni habari nzuri sana kwa mwenye kiungulia na gesi, ila soma vizuri hapo: bila kidonda. Na vidonge vyao vilikuwa na kiini kingi kuliko kijiko chako cha jikoni. Nusu kijiko cha chai kwenye uji au mchuzi kila siku inatosha. Mwenye mawe kwenye nyongo asitumie kama dawa, wala anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda.

Habasoda

Nimeiweka mwisho kwa makusudi kwa sababu ndo inayodanganya watu zaidi. Saudi Arabia walipima mwaka 2010, watu 88 wenye H. pylori. Kundi la antibiotiki walipona kama 83 kati ya kila 100. Waliopewa habasoda gramu 2 kwa siku PAMOJA na omeprazoli walipona kama 67 kati ya 100. Sasa tazama hili: waliopewa gramu 1 walikuwa kama 48, na waliopewa gramu 3 nao kama 48. Yaani kuzidisha hakukuongeza kitu, kulipunguza. Kwa hiyo mtu anayekuambia kunywa vijiko vitatu asubuhi vitatu jioni anakuonea. Na hata hao 67 walikuwa na omeprazoli ndani, na bado antibiotiki ziliwapita. Kama unapenda habasoda, nusu kijiko cha chai iliyosagwa na asali kidogo, sawa, sindikiza nayo matibabu. Mwenye dawa za presha au sukari awe anapima maana nayo inashusha.

HATUA YA 6: Hii mimea ishike kwa uangalifu, na mingine iache

Mwarobaini. Najua heshima yake, kwetu kila boma lina mti. Kolkata huko India waliwahi kuwapa wagonjwa wa vidonda dawa ya magome ya mwarobaini na ikapunguza asidi na kuponya vidonda, sipingi. Ila ile ilikuwa dawa iliyopimwa kwa miligramu, kidogo sana, chini ya uangalizi. Sufuria lako unalochemsha magome mpaka maji yawe meusi halijapimwa na mtu. Mjamzito asiguse, anayetafuta mtoto asiguse, na mafuta ya mwarobaini mtoto mdogo asinyweshwe kabisa, yameua watoto. Kwa vidonda mimi siupendekezi.

Shubiri. Ukikata jani unaona vitu viwili: maji ya njano machungu karibu na ganda, na nyama nyeupe kama jeli katikati. Njano inaharisha na kukwangua utumbo, jeli ndo inapoza. Anayetumia asimamishe jani kwenye bakuli dakika 15 njano itoke yote, amenye, aoshe jeli mpaka utelezi wa njano uishe. Tatizo ni kwamba shubiri za porini kwetu Afrika Mashariki ni aina nyingi sana, na zipo zenye sumu, kwa macho zinafanana. Kama huijui kwa uhakika iache huko huko porini.

Urukususu, ile mizizi mitamu ya kutafuna. Huu kweli unaponya kidonda, tena una historia: Uholanzi miaka ya 1940 daktari aliona wagonjwa wa vidonda wanapata nafuu kwa dawa yake, ila baadhi wakaanza kuvimba mwili. Uingereza miaka ya 1960 wakatengeneza kidonge kutokana nao na madhara yakawa yaleyale, chumvi na maji vinabaki mwilini, presha inapanda, potasiamu inashuka. Mwenye presha, figo, moyo au mimba asitafune. Mwingine yeyote asizidishe siku chache.

Kitunguu saumu na limau. Kila siku natumiwa ujumbe wa kusaga vitunguu saumu na tangawizi na limau kumi. Marekani mwaka 1999 waliwapa watu wenye H. pylori punje 10 za kitunguu saumu mbichi pamoja na chakula, mdudu hakutikisika. Na mwenye kidonda akinywa hiyo asubuhi tumbo tupu atajuta. Tangawizi peke yake, kipande kidogo kwenye chai, inasaidia kichefuchefu, nyingi inawasha.

HATUA YA 7: Panga saa zako

Utelezi unaopaka tumbo unapaka na kidonge pia, dawa inachelewa au haiingii vizuri. Kwa hiyo acha masaa mawili kati ya uwatu au mlenda na dawa zako za hospitali. Mama mdogo nilimwandikia kwenye karatasi tukaibandika kabatini:

- Saa 12 asubuhi: omeprazoli na maji, kabla ya kula chochote
- Saa 12 na nusu: uji wenye unga wa mzuzu kidogo, halafu antibiotiki
- Saa 4: glasi ya uwatu
- Saa 7 mchana: ugali laini, samaki wa kuchemsha, mlenda
- Saa 10 jioni: ndizi au kiazi cha kuchemsha, asikae na njaa
- Saa 1 usiku: chakula cha jioni, antibiotiki ya pili. Omeprazoli ya pili nusu saa kabla ya hapo
- Saa 4 usiku: kulala. Asile masaa matatu kabla

Mlenda wa mchana niliuweka saa saba kwa sababu uko mbali na dozi zote mbili. Wewe panga kulingana na ulivyoandikiwa. Na usianze mimea minne siku moja, anza mmoja, kaa nao wiki nzima ukiandika kwenye daftari saa ngapi tumbo limeuma na ulikula nini, ndo uongeze mwingine. Ukichanganya yote hutajua kilichokusaidia wala kilichokudhuru. Halafu mwambie daktari unachotumia, wengi tunaficha tukiogopa kufokewa, ila yeye akijua unakunywa uwatu na unameza dawa ya sukari atakushauri kitu ambacho mimi siwezi.

HATUA YA 8: Kama lazima ununue

Nunua mbegu au mzizi mzima, usinunue unga usioujua. Mbegu ya uwatu unaiona ni uwatu, unga wa kijani kwenye mfuko wa plastiki unaweza kuwa chochote. Na kuna jambo linaniumiza zaidi: nchi mbalimbali imeshagundulika dawa za mitishamba za viungo zimechanganywa kimyakimya na dawa za maumivu za kiwandani au steroidi ili mteja aone zinafanya kazi haraka. Yaani unaweza kuwa unakimbia diklofenaki huku unainywa kwenye kikombe cha majani. Unga wa mama mdogo hatukuwahi kujua ulikuwa na nini ndani.

Tanzania kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lipo kwa sheria ya mwaka 2002, linasajili waganga na dawa. Muulize muuzaji usajili wake na wa dawa, mwenye nao anauonyesha bila kununa. Kenya dawa za mitishamba zinasajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Na wakikuambia inatibu vidonda, kisukari, presha, nguvu za kiume na ngiri kwa chupa hiyohiyo moja, rudisha hela yako mfukoni.

HATUA YA 9: Pima tena

Hii ndo wanairuka karibu wote. Maumivu yakiisha watu wanajitangazia wamepona. Subiri angalau wiki 4 tangu umalize antibiotiki, omeprazoli iwe imeachwa wiki 2, habasoda nayo simamisha kipindi hicho ili majibu yawe safi, kisha pima choo au pumzi. Cha damu usipoteze hela.

Ukikutwa bado yupo, usirudi duka la dawa kununua pakiti ileile. Mdudu aliyenusurika na klarithromaisini mara ya kwanza mara nyingi hatishiki nayo mara ya pili, kuna mchanganyiko mwingine wa dawa, kwa hiyo nenda na maganda ya zile za mwanzo au hata picha uliyoipiga kwa simu, mwonyeshe daktari hizi ndo nilimeza, na mwambie ukweli kama kuna siku uliruka.